Kirusi kimefunga mafaili yangu, na mengine sitaki hata mume wangu ayaone

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe. Ni mama wa watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka 15. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani inayotumiwa na kila mtu: mume wangu kwa hesabu za kazi yake, watoto kwa masomo na michezo, mimi kwa mambo yangu usiku wakishalala.

Asubuhi moja niliiwasha nikakuta picha za watoto hazifunguki. Kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina, herufi zisizo na maana yoyote, na pale palipokuwa na vijipicha vidogo pana karatasi nyeupe tupu. Katika kila folda limeingia faili jipya linaloitwa _readme.txt. Nimelisoma mpaka nimelikariri. Wanasema mafaili yote yamefungwa, ufunguo wanao wao, bei ni dola 980, na nikiwaandikia ndani ya saa 72 watanipunguzia nusu, dola 490. Wametoa anwani ya barua pepe na namba ndefu ya kunitambulisha. Wanasema niwatumie faili moja walifungue bure, nione kwamba si matapeli. Wana adabu kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Imejulikana ni kijana wangu. Alipakua mchezo wa kulipia mahali unapogawiwa bure, pamoja na kraki ya kuufungulia. Maelezo yakamwambia azime programu ya kuzuia virusi ili kraki ifanye kazi, akaizima. Likatokea dirisha linaloonyesha kwamba Windows inajisasisha, akaiacha iendelee, akaenda kulala. Baba yake alimsema mpaka nikaingilia kati. Tangu hapo mtoto hazungumzi na mtu, na nikimuuliza alipakua nini hasa, jibu lake ni "sijui".

Mume wangu anasema kilichopotea kimepotea, tufomati, tupige Windows upya, kazi zake zinamngoja. Rafiki yake akatupa namba ya fundi. Fundi akaja, akatazama, akasema anaweza kujaribu kuyavuta baadhi ya mafaili, ila lazima aende na kompyuta kwake, na lazima ayafungue aone yapi yamepona. Mume wangu akamwambia sawa, chukua. Mimi nikasema subirini kwanza. Wote wawili wakanigeukia.

Shangazi, sababu ya kusema subirini sikuitoa. Ndani ya folda niliyoipa makusudi jina la kuchosha, "risiti za zamani", kuna daftari langu. Nilianza kuliandika nilipopata mimba ya kwanza na sijaliacha, kila mwaka una faili lake. Humo mna meno ya kwanza ya watoto, mna homa zao, mna maneno yao ya kuchekesha. Mna pia mimba iliyoharibika kati ya hawa wawili, ambayo sikuwahi kuizungumza na mtu kwa kirefu, hata na baba yake. Halafu mna kipindi ambacho mimi na mume wangu tuliishi nyumba moja kama wapangaji. Niliandika maneno mazito juu yake, juu ya mama yake, na juu ya mtu mwingine ambaye nilitamani angekuwa ndiye. Hakuna kilichotokea, naapa. Yalipita, tukaelewana, na leo tunaishi vizuri. Lakini maneno yapo, na akiyaona ndoa imekwisha.

Utaniuliza kwa nini sikuyafuta siku zile. Sikuweza. Yule mtoto ambaye hakuzaliwa yumo mle tu, hayumo mahali pengine popote.

Sasa nifanye nini? Nina akiba yangu ndogo, naweza kuwalipa hawa watu kimyakimya, nipate ufunguo, nitoe daftari langu kisha niseme kompyuta imepona yenyewe. Au nikubali ifomatiwe, siri yangu ife na picha za watoto zife nayo. Au nimwambie mume wangu. Hilo la mwisho nikilifikiria tu naishiwa nguvu. Zile saa 72 zimeshapita na fundi anapiga simu.

Mimi,
Mwenye Daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Pole sana. Na pole kwa kijana, maana naye ana mzigo wake huko chumbani.

Mambo ya kompyuta nimeyapeleka kwa mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Nilimweleza ya mashine tu. Jina lako hata mimi silijui, kwa hiyo hapo usiwe na wasiwasi.

Nikikuelewa vizuri, umebeba hofu mbili zinazovutana. Unaogopa mafaili yasipone, na unaogopa yakipona. Ukifomati, siri inakufa na picha zinakufa. Ukimpa fundi, picha huenda zikaokoka na siri ikatoka nje. Kulipa kimyakimya kunaonekana kutibu hofu zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana kunakuvuta. Mimi nadhani hofu hizo hazijafungamana kwa kiasi unachokiona usiku wa manane.

Tuanze na hilo unalolishika kwa uhakika, kwamba fundi akiichukua kompyuta atalisoma daftari. Dalili ulizozitaja, yaani _readme.txt, dola 980, nusu bei ya saa 72 na kraki ya mchezo, zinafanana mno na jamii ya virusi iitwayo STOP au Djvu, ambayo imewasumbua watu wa majumbani kwa miaka. Hata lile dirisha la Windows kujisasisha ni lake. Ni sinema ya kumtuliza aliyekaa mbele ya kioo wakati mafaili yanafungwa. Kirusi hiki kina haraka. Hakifungi faili zima kama ni kubwa, hufunga kama kilobaiti 150 za mwanzo kisha kinahamia jingine. Sasa hati ya maandishi matupu mara nyingi haifikii ukubwa huo, hivyo imefungwa yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kwa leo, mafaili yaliyomo kwenye ile folda ya risiti hayasomeki kwa mume wako, wala kwa fundi, wala kwako.

Video ni habari nyingine. Video ya mtoto anayejifunza kutembea, yenye megabaiti 80, imefungwa kichwa tu; mwili wote uko salama. Zipo programu zinazoitengenezea kichwa kipya kwa kuazima kutoka kwenye video nyingine iliyopigwa kwa simu au kamera ileile. Sauti za MP3 nazo huweza kuchezeka tena zikiwa zimepoteza sekunde chache za mwanzo. Picha kubwa wakati mwingine hurudi zikiwa na kovu sehemu ya juu. Zile ndogo zilizopita kwenye WhatsApp zimeliwa karibu zote, lakini hizo ndizo ambazo bado ziko kwenye simu ya mtu: mama mdogo, rafiki, yule bibi asiyefuta kitu. Na kama kompyuta ilikuwa inajihifadhi yenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni, ingia huko kwa kutumia simu. Huduma kama OneDrive na Google Drive huweka matoleo ya nyuma ya faili kwa muda, mara nyingi siku 30, na siku hizo zimeshaanza kuhesabika, kwa hiyo hili lisingoje.

Kwa hiyo katika mafaili yaliyofungwa, yale ambayo fundi anaweza kuyafufua ndiyo yale usiyoyaogopa. Yale unayoyaogopa, yeye hawezi kuyafungua.

Ila sitakuficha, kuna kazi moja ambayo hofu yako ina msingi. Word inapohifadhi hati huandika nakala mpya na kuitupa ya zamani, na ile ya zamani haiondoki papo hapo. Inabaki kwenye sehemu za diski zinazohesabiwa kuwa wazi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi hodari hupekua sehemu hizo kwa programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Anachopata ni rundo la mafaili yaliyopoteza majina, kila moja ni herufi f na tarakimu. "Risiti za zamani" haimo tena. Ili ajue hiki ni nini, hana budi kukifungua. Na humo ndimo daftari lako, au vipande vyake, linaweza kujitokeza likiwa halijafungwa. Yaani nafasi yako nzuri ya kulipata ndiyo hiyohiyo nafasi ya mtu mwingine kulisoma. Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe.

Unaweza kupita hapo kwa namna kadhaa. Unaweza kumwambia fundi akupekulie diski na amimine kila atakachopata kwenye diski ya nje uliyonunua wewe, bila kufungua, kisha uchambue mwenyewe nyumbani. Mafundi wengi watakubali, kwanza kunawapunguzia kazi. Lakini utakuwa umetegemea neno lake, na huna njia ya kujua kama hakubaki na nakala. Unaweza kuomba kazi ifanyike kwako, wewe ukiwa umekaa kando yake. Hapo utaona kila anachogusa, na mume wako naye anaweza kuja kusimama nyuma yenu. Unaweza pia kujifunza kuifanya mwenyewe. Si kazi ya ajabu, ila diski ina kosa moja isilosamehe, nalo ni kuandikiwa. Ukisakinisha programu ya kuokoa mafaili ndani ya diski ileile, huenda ukafunika ukurasa uleule unaoutafuta. Na kabla ya yote hayo ulizeni diski ni ya aina gani. Kama ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, upekuzi una maana. Kama ni SSD, yaani ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, sehemu zinazoachwa wazi husafishwa haraka na mashine yenyewe, na matumaini hayo yanakuwa madogo sana.

Mume wako ana haja ya haki. Anataka mashine ifanye kazi. Wewe umeisikia haja hiyo kama amri ya kufomati, lakini je, ni lazima? Kompyuta ya mezani hufunguliwa kwa skrubu chache. Diski yenye ugonjwa inaweza kutolewa, ikawekwa mpya, Windows ikapigwa kwenye hiyo mpya, naye akaendelea na hesabu zake jioni hiyohiyo. Ile ya zamani unaifunga kwenye mfuko, unaandika tarehe, unaiweka juu ya kabati. Gharama yake ni bei ya diski, na swali moja ambalo lazima litakuja: "Kwa nini uihifadhi?" Picha za watoto ni jibu la kweli na linatosha. Ila ni nusu ya jibu, na wewe unajua ni nusu. Kama utaweza kulala nalo, hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Kuitunza si ukaidi wa mama mwenye uchungu. Mwezi Mei mwaka 2016 waliotengeneza kirusi cha TeslaCrypt waliacha kazi na kuutoa hadharani ufunguo mkuu; waliotunza mafaili yao yaliyofungwa wakayafungua bila kulipa. Aprili 2020 wale wa Shade walitoa funguo kama 750,000 kwa mara moja. Waliofomati hawakuwa na cha kufungua. Sikuahidi kwamba hawa wako watafanya hivyo. Nasema tu kwamba "hayafunguki leo" na "yamepotea" hayako sawa.

Mpaka uamuzi ufikiwe, kompyuta ikae imezimwa. Watu wengi hukimbilia kuiwasha na kuisafisha kwa programu ya kuua virusi wakidhani kirusi kikifa mafaili yatafunguka. Hayafunguki; mwizi akikamatwa, kufuli alizofunga zinabaki mlangoni. Kibaya zaidi, kusafisha huko kunaweza kufuta na ile _readme.txt, ambayo kwa sasa unaihitaji. Msichomeke flashi wala diski ya nje kwenye Windows hiyo, maana kirusi kikiwa bado hai nazo zitafungwa. Anayetaka kunakili aiwashe mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, mfano Ubuntu, ambayo huisoma diski bila kuiamsha Windows. Mafaili yaliyofungwa hayaambukizi. Programu na viprogramu vya kusakinishia, na hasa hiyo kraki, viachwe hukohuko.

Jambo moja hukulitaja, nami naona ni la haraka kuliko daftari. Virusi vya jamii hii mara nyingi huja vimefuatana na programu za kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, wewe na mume wako badilisheni nywila za barua pepe, za benki na za mitandao, na kwenye kila akaunti mfunge vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Siwezi kukuapia kwamba hakuna faili lolote lililobebwa. Najua hilo litakuongezea hofu. Nimelisema kwa sababu ungelijua baadaye ukanilaumu, na ungekuwa na haki.

Sasa hao wenye adabu. Mchezo wao ni wa zamani kuliko unavyofikiri: mwaka 1989 Joseph Popp alisambaza diski zilizofunga kompyuta za watu, akitaka dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta Panama. Saa 72 zao ni mbinu ya muuzaji. Zimewekwa ili uamue kabla hujamuuliza mtu. Wengine waliolipa walipewa ufunguo, wengine waliombwa nyongeza, wengine hawakujibiwa. Polisi wa nchi nyingi huwashauri watu wasilipe, kwa kuwa fedha hizo ndizo zinazoendesha kazi ijayo. Lakini mimi sikai kwenye kiti chako, na sitajifanya kwamba neno "usilipe" ni jepesi kwa mama ambaye mtoto wake yumo mle. Nikuulize hili tu: unataka kulipa ili upate daftari, au ili usizungumze na mume wako? Kwa sababu kulipa kimyakimya kutakuachia siri ya pili, yenye tarehe na kiasi cha fedha, na hiyo haitakuwa ya zamani wala haitakuwa imepita. Kaa mbali pia na wanaojitangaza kwamba wanafungua kila kirusi kwa uhakika. Wapo waliobainika kuwa kazi yao ni kuwalipa wahalifu kwa siri na kumtoza mteja juu yake.

Kabla ya kulipa yeyote, ipo njia ya bure. Mradi uitwao No More Ransom ulianzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za Kaspersky na Intel Security. Unawapelekea ule ujumbe wa wahalifu na faili moja au mawili yaliyofungwa, wanakuambia kama kifaa cha kuyafungua kipo. Kwa jamii hii ya Djvu kipo cha kampuni ya Emsisoft, kinachosaidia baadhi ya watu, si wote. Ukituma faili la mfano, tuma picha ya ua au ya gari la jirani. Daftari lisiondoke. Na kifaa hicho hukiendesha mwenyewe kwenye mashine safi, mlango umeufunga ukitaka.

Kijana wako. Nyumba nzima imemfanya mshtakiwa, na mshtakiwa jibu lake ni "sijui". Lakini yeye ndiye shahidi pekee mliye naye: anajua alipakua wapi, saa ngapi, alizima nini, na kama kulikuwa na flashi imechomekwa usiku ule. Hebu fikiria angeulizwa na mtu anayehitaji msaada wake badala ya mtu anayetafuta wa kumlaumu. Pengine angeanza na neno mojamoja. Kuhusu kuzima kinga ili kraki ipite, hilo linahitaji kuzungumzwa, nakubali, ila si lazima lizungumzwe wiki hii na baba yake akiwa na hasira hizo.

Nimeliacha la mume wako hadi hapa kwa sababu mashine haitalitatua.

Umeandika "akiyaona ndoa imekwisha". Je, hilo unalijua, au unaliogopa? Wewe umeishi miaka tangu maneno yale. Yeye akiyasoma leo atakutana nayo yakiwa mabichi, na huko kuumia kwake sikupuuzi. Lakini naye aliishi kipindi hichohicho, ndani ya nyumba ileile. Unadhani hakujua kwamba ulikuwa umeondoka moyoni? Huenda yeye naye ana mambo ya miaka ile ambayo hakuyaandika popote.

Na kumwambia si kitu kimoja. Unaweza kumwambia kwamba daftari lipo, kwamba ni lako, na kwamba unaomba lisisomwe, basi. "Kuna maandishi yangu ya faragha mle, mengine ya siku tulizokuwa hatuelewani, na ya mimba ile. Naomba diski isitoke nyumbani bila mimi." Hapo utakuwa umemwambia ukweli bila kumsomea ukurasa hata mmoja. Hatari yake ni dhahiri: ukishasema lipo, atajua lipo, na mtu mwenye kiherehere atalitafuta. Wewe ndiye unayemjua kama ni mtu wa kuomba ruhusa au wa kupekua. Unaweza pia kuanza na mimba iliyoharibika peke yake, ukaliacha daftari kwanza. Nimeona kwamba hilo ndilo ulilolitaja la mwisho na ndilo lililokuzuia kufuta. Huenda ni zito kuliko yale ya ugomvi, na huenda na yeye hajawahi kupata wa kulizungumza naye. Au unaweza kunyamaza. Kila mtu ana haki ya chumba kimoja ndani ya kichwa chake, hata aliyeolewa. Tatizo la kunyamaza sasa ni kwamba kuna fundi anapiga simu, na kila ukisema "subiri" bila sababu, mume wako anajitungia sababu yake.

Fundi mpigie wewe mwenyewe. Mwambie hujakataa, unataka tu kujua mambo mawili kwanza: diski ni ya aina gani, na kama yuko tayari kuitoa na kuweka nyingine bila kufomati hii. Namna atakavyokujibu itakueleza kiasi kuhusu mtu unayetaka kumkabidhi mambo yako.

Na ile namba ndefu kwenye ujumbe wao, itazame mwishoni kabisa. Ikiishia na t1, maana yake kirusi kilishindwa kuwasiliana na wenyewe, kikatumia ufunguo wa akiba uliokuja ndani yake; ufunguo huo hutumika kwa watu wengi, ukipatikana kwa mmoja unaweza kuwafungulia na wengine, na pengine umeshapatikana. Ikiishia vingine, ufunguo wako ni wa peke yako na uko kwao, na hapo mazungumzo yetu yatakuwa mengine kidogo. Niandikie uniambie inaishiaje, na diski ni ya aina gani.

Shangazi